Kapeti la Mzee Akyoo na Pakiti za Wakubwa

Leo ni Ijumaa, tarehe 15 Julai 2005, na ni wiki mbili sasa tangu Mzee Ephraimu Akyoo atoke getini kwetu kama mstaafu, baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha kukoboa kahawa kwa miaka thelathini na minne. Wasifu huu ulitakiwa usomwe siku ya kumuaga. Haukusomwa kwa sababu haukuwa umeandikwa. Wakuu wa idara waliombwa mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na shughuli nyingi, hivyo kazi ikashuka ngazi kwa ngazi kama zinavyoshuka kazi zote hapa, mpaka ikatua ghalani kwa sisi wabeba magunia. Tumezoea kupokea vizito. Mwandishi ameishia darasa la saba na nusu ya kidato cha kwanza, na kwao ni Kasulu, siku mbili za basi kutoka hapa. Kama kuna mahali Kiswahili kimepinda, msomaji avumilie, kama mwandishi anavyoivumilia baridi ya Julai ya mlima huu.

Mzee Akyoo ni mzaliwa wa Nkoaranga, mkulima wa migomba na kahawa kidogo, na mzee wa kanisa. Aliajiriwa mwaka 1971, kiwanda kikiwa bado mali ya shirika la umma, akawekwa kwenye mtambo wa simu. Baada ya simu ikaja teleksi, akapewa teleksi. Ikaja faksi, akapewa faksi. Zikaja kompyuta, akapewa kompyuta. Kila mashine iliyofika ilimkuta pale, na kila iliyoondoka ilimwacha pale. Watu wanasema alikuwa mtaalamu wa mawasiliano. Ukweli ni kwamba alikuwa mtaalamu wa vyeo, na mawasiliano yalikuwa njia tu ya kuvitumikia.

Wazee waliomkuta kwenye mtambo wa simu wanakumbuka alivyounganisha watu. Hakuunganisha kwa zamu, aliunganisha kwa cheo. Simu ya mwenyekiti wa bodi ilipita kwanza, hata kama alitaka tu kuuliza mvua imenyesha. Ikafuata ya meneja, ikafuata ya bwana mauzo. Siku mke wa fundi mmoja alipojifungua, hospitali ilipiga asubuhi, na Mzee akaipokea kwa heshima zote na kuiweka kwenye foleni. Mtoto alikuwa ameshafika nyumbani na kupewa jina ndipo baba yake alipoitwa kwenye simu kuambiwa kwamba amezaliwa.

Mwaka 1989 shirika lilimpandisha kuwa Mkuu wa Idara ya Mawasiliano. Idara ilikuwa na mkuu, na haikuwa na mtu mwingine yeyote. Lakini mkuu ni mkuu, na kwa taratibu za shirika, kila mkuu wa idara alistahili pazia mbili, kiti chenye mikono na kapeti. Kapeti lake lilikuwa la kijani. Tunalitaja mapema kwa sababu msomaji atakutana nalo tena. Ukiitwa ofisini kwake kurekebisha bawaba ya dirisha, ulivua buti mlangoni, ukaingia na soksi zako zilizotoboka, ukarekebisha, ukatoka. Mvua au jua, buti zilibaki nje. Hajawahi kumruhusu mtu wa ghalani kukanyaga lile kapeti na viatu, na hatukuwahi kuomba.

Kisha yakaja mageuzi. Shirika likauzwa. Mwekezaji akapunguza wafanyakazi, akauza malori, akauza nyumba za wafanyakazi kule Sakina, akauza hata kengele ya kuingilia kazini, ndiyo maana siku hizi tunaingia kwa kufokewa. Kapeti la Mzee halikuuzwa. Walipokuja kuhesabu mali, walimkuta amesimama juu yake kwa miguu yote miwili, akiwaonyesha faksi inavyofanya kazi mpaka wakachoka wakaondoka.

Tabia yake nyingine njema ilikuwa ndizi. Kila alipoteremka na mikungu kutoka Nkoaranga kuja kuwauzia wafanyakazi, aliipitisha kwanza kwenye mizani ya kahawa, ile inayopimia malori. Karani wa mizani, dada Evaresta, alimweleza mara nyingi kwamba mzani wa kupimia lori hauwezi kuona tofauti ya mkungu na mkungu. Mzee alijibu kwamba mkungu uliopimwa na kiwanda una heshima yake. Tulinunua. Kwa nani mwingine tungenunua kwa mkopo?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mtu humu ndani analijua nusu, na nusu hiyo si ile ile. Litafaa lielezwe mara moja likae.

Kompyuta zetu zimeunganishwa kwa kebo zinazopita chini ya uwanja. Zinatoka jengo la Meneja Mkuu, zinatoka jengo la uhasibu, zinatoka maabara na getini, na zote zinakutana kwenye kisanduku kimoja cha zamani kilichofungwa juu ya mlango wa ofisi ya mizani, karibu na kichwa cha Evaresta. Kazi ya kisanduku ni kupokea mzigo wa huyu na kumpelekea yule. Mtaro wa kebo hizo tulichimba sisi, vibarua sita wa msimu, hakuna hata mmoja wa karibu. Kiongozi wetu Solomoni ni wa Singida, wengine wa Kigoma na Newala.

Mwaka 2003 mwekezaji alileta vifaa vipya vya ndani ya kompyuta, vya mwendo kasi, na Mzee akapelekwa Nairobi kwenye semina. Alirudi na mkoba. Huko alifundishwa kwamba kompyuta haipeleki waraka mzima mzima. Inaukata vipande, kila kipande kikaitwa pakiti, kama sisi tunavyohamisha kahawa gunia kwa gunia, maana hakuna awezaye kubeba lundo zima kichwani. Akafundishwa kwamba kila kompyuta ina kikomo chake cha ukubwa wa pakiti. Kikomo cha kawaida ni baiti, tuseme herufi, elfu moja na mia tano, ila vile vifaa vipya vinaweza kuongezewa mpaka elfu tisa. Gunia kubwa, safari chache, kazi haraka.

Fundi mwingine angeuliza kama njia nzima inabeba gunia la ukubwa huo. Inawezekana hata semina ilisema hivyo, labda wakati wa chai. Mzee yeye alijiuliza swali moja tu: nani apewe ngapi? Na hapo miaka yake yote ya mtambo wa simu ikamjibu. Meneja Mkuu akapewa elfu tisa. Mhasibu Mkuu akapewa elfu nane. Mkuu wa maabara, elfu saba. Yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu, elfu sita. Makarani, mizani na geti wakabaki na elfu moja na mia tano ya kuzaliwa nayo. Aliifanya kazi hiyo siku mbili, akipita ofisi hadi ofisi na tai shingoni, akimweleza kila mkubwa kwa sauti ya chini kwamba ameongezewa. Wakubwa walifurahi. Hawakujua wameongezewa nini, lakini mkubwa hahitaji kujua hilo ili afurahi.

Kuanzia hapo wakubwa wakaacha kuelewana. Tunasema kwa maana ya kompyuta, ile nyingine ilikuwepo zamani.

Meneja Mkuu, Bwana Prosper, alifungua kompyuta yake aangalie hesabu za mauzo zilizo kwenye kompyuta ya Mhasibu Mkuu, Mama Irine. Majina ya mafaili aliyaona yote, yamepangwa vizuri. Akigusa moja alifungue, mashine inaganda. Waraka wa mistari miwili ulifunguka. Hesabu za mwezi hazikufunguka. Mama Irine naye aliona majina ya mafaili ya Meneja, akigusa, mashine inaganda. Wakaanza kupigiana simu, na simu zao zilisikika mpaka ghalani.

"Mama Irine, hesabu nimeziomba tangu juzi."

"Ziko hapo bosi, fungua."

"Naona jina tu."

"Basi mimi ya kwako pia naona jina tu. Labda hatuaminiani."

Siku zikapita. Msimu ulikuwa umeanza, kahawa ya wakulima inaingia kutoka Kikwe na kutoka mlimani, na wateja wanasubiri majibu. Bwana Prosper alimwita Mzee. Mzee alifika, akapima, akasema kwa uhakika mkubwa kwamba kompyuta zote zinasalimiana vizuri. Ilikuwa kweli. Salamu ni pakiti ndogo, hupita popote. Akasema vifaa ni vipya, haviwezi kuwa na kosa. Nayo ilikuwa kweli. Ikabaki kebo, na kebo ilichimbiwa na nani?

Jumatatu Bwana Prosper alisimama mbele ya ghala akasema kwamba jembe la mmoja wetu limeijeruhi kebo. Tufukue mtaro wote tuitafute hiyo sehemu, na isipopatikana mpaka Ijumaa, vibarua sita waondoke siku hiyo hiyo na wasiandikwe tena hapa. Msomaji aliyezaliwa Arusha anaweza asione uzito wake. Kibarua wa msimu anayefukuzwa mwanzo wa msimu hana pa kwenda, kwa sababu viwanda vingine vimeshajaza watu wao, na nyumbani walishaambiwa kwamba mwaka huu ni mwaka wa mabati.

Tukafukua. Udongo wa hapa ukilowa ni kama ugali, ukikauka ni kama tofali, na wiki ile ulikuwa vyote viwili. Mzee alisimamia. Alisimama ukingoni na mwavuli, akitukumbusha kufukua kwa mikono tukikaribia kebo, wala hakukosea, maana kebo ilikuwa nzima na ingekuwa hasara kuikata wakati wa kutafuta ilipokatika.

Jumatano alishuka kuja mizani na mkungu wake. Evaresta alikuwa na kazi, akamwambia asubiri.

"Shikamoo mzee. Nimalizie kwanza hizi za Mama Irine."

"Marahaba. Za Mama Irine zipi?"

"Hesabu za mauzo. Kanituma nizichape, mashine yake ya kuchapia imekwama."

"Umezifunguaje?"

"Nimezigusa, zikafunguka. Kwani zinafunguliwaje, mzee?"

Solomoni alikuwa ndani ya mtaro chini ya dirisha, ndiye aliyesikia. Anasema Mzee aliuacha mkungu juu ya mzani akasimama akikitazama kile kisanduku juu ya mlango kwa muda mrefu, halafu akamwambia Evaresta afungue na waraka wa Meneja Mkuu, ule mzito. Ukafunguka. Akamwomba afungue wa maabara. Ukafunguka. Karani wa mizani alikuwa anasoma siri zote za kiwanda bila shida, na wakubwa walikuwa wanasomeana majina.

Baadaye sana Mzee alitueleza ilikuwaje, kwa kutumia magunia, na kama tumeelewa vibaya alaumiwe mwalimu. Kompyuta mbili zikianza kuzungumza, kwanza zinaulizana vikomo, na zinafuata kile kidogo. Kwa hiyo mkubwa akizungumza na Evaresta, anainama mwenyewe bila kuambiwa, anafunga magunia ya elfu moja na mia tano, yanapita. Lakini mkubwa akizungumza na mkubwa, kidogo chao ni elfu nane au elfu saba, wanafungiana magunia ya fahari. Na katikati yao kuna kile kisanduku cha zamani, ambacho mlango wake ni wa magunia ya kawaida tu. Gunia la fahari likifika, kisanduku hakipigi kelele, hakirudishi mzigo, hakimwambii mtu. Kinalitupa. Mtumaji anatuma tena, kinalitupa tena. Huku anaamini mwenzake ni kaidi.

Kwa hiyo kuanzia Jumatano Mzee alijua. Na Alhamisi tuliendelea kuchimba. Tunaliandika hili kwa sababu wasifu usiosema kweli ni tangazo. Siku nzima tulifukua kebo nzima, yeye akiwa amejifungia ofisini kwake. Baadaye alisema alikuwa anafikiri. Vizuri. Sisi tulikuwa tunachimba ili yeye apate nafasi ya kufikiri.

Alichokuwa anafikiri si kigumu kukikisia. Alikuwa na funguo za ofisi zote. Angeweza kupita wakubwa wakiwa kwenye chakula, akawarudisha wote kwenye elfu moja na mia tano, bila neno. Ijumaa vibarua sita wangeondoka, Jumatatu mafaili yangefunguka, na Bwana Prosper angesema mnaona, ilikuwa ni wale wachimbaji. Kapeti lingebaki mahali pake. Hakuna mtu hapa angejua mpaka leo, na wasifu huu ungekuwa mfupi na mtamu zaidi.

Ijumaa, saa ya chai, Bwana Prosper alishuka uwanjani, Mama Irine nyuma yake.

"Mmeipata?"

"Bosi, kebo ni nzima toka mwanzo mpaka mwisho," Solomoni akasema. "Tumeipapasa kama mgongo wa mtoto."

"Basi imeumia kwa ndani. Vueni makoti ya kampuni."

Tukaanza kuvua. Hapo ndipo Mzee Akyoo alipotoka, na suti yake ya kanisani, suti ambayo huwa tunaiona Noeli na msibani. Alivuka uwanja kwenye tope akasimama upande wetu wa mtaro.

"Bosi, kosa limefanywa na Idara ya Mawasiliano."

"Idara hiyo ina watu wangapi, mzee?"

"Mmoja. Ndiye huyu."

Hakusema kwamba kosa ni lake. Msomaji asitegemee miujiza. Lakini alisema mbele ya watu, na alieleza yote, pakiti, vyeo na kisanduku, huku Bwana Prosper akibadilika rangi polepole. Mama Irine ndiye aliyeuliza dawa.

"Wote turudi elfu moja na mia tano, mama. Kama mizani."

"Yaani mimi nilingane na Evaresta?"

Evaresta alikuwa dirishani. "Karibu mama," akasema. "Huku kwetu mambo yanafunguka."

Hatukucheka. Tulikuwa na makoti mkononi, hatukujua bado kama tunayavaa au tunayarudisha. Bwana Prosper aliuliza kama kuna namna ya yeye peke yake kubaki na elfu tisa. Mzee akamjibu kwamba ipo, ila atakuwa anamwinamia kila mtu kama anavyomwinamia Evaresta. Ikaonekana hilo halifai.

Mzee alizibadilisha mashine zote kabla ya chakula cha mchana, na mafaili yakafunguka. Sisi tulivaa makoti yetu na tukaambiwa turudishie udongo, na ndiyo samahani tuliyopewa. Adhabu ya Mzee ilitoka alasiri ile ile. Idara ya Mawasiliano ikafutwa. Mkuu wake akawa fundi chini ya ghala, meza yake ikahamishiwa pembeni mwa mizani, chini ya kile kisanduku. Pazia zikatolewa. Na kapeti likapelekwa stoo.

Waliotumwa kulitoa ni sisi. Nani mwingine? Tulifika mlangoni na buti za mtaroni, zimebeba nusu ya uwanja. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alitutazama miguuni.

"Mvue viatu," akasema.

Tukavua. Kapeti halikuwa lake tena, na tulikuwa tumekuja kulichukua, lakini tukavua, tukaliviringisha pole pole kama alivyotuelekeza, lisipigwe mkunjo katikati, tukalibeba mabegani na soksi zetu zile zile. Nyuma yetu sakafu ilikuwa saruji tupu. Akaifagia.

Miaka miwili aliyobakiza aliimalizia na sisi. Asidhani mtu kwamba alibadilika. Wiki ya kwanza ya chai ghalani aliona tunachukua vikombe ovyo, akashindwa kunywa. Kwa kuwa hatukuwa na vyeo, alitupanga kwa umri. Akapigilia misumari ukutani, kikombe kwa msumari, wa kwanza kutoka kushoto ukawa wake, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Alisema chai ya ghalani ni tamu kuliko ya ofisini, akasingizia sukari. Sisi tuliona kwamba ofisini alikuwa anakunywa peke yake miaka kumi na nne, ila hatukusema, maana mtu huachiwa sababu zake.

Kuhusu mafanikio yake, tunaambiwa ni lazima yatajwe. Alikiandika kisanduku kwa chaki: elfu moja na mia tano, wote. Kijana yeyote aliyekuja na kompyuta mpya na maneno ya kasi, alipelekwa kwanza mbele ya maandishi hayo akasomeshwa kwa sauti. Tangu Ijumaa ile hakuna faili la mkubwa lililoganda njiani. Na vibarua sita wa mtaro wote waliandikwa tena msimu uliofuata, watatu wakawa wa kudumu. Mwandishi ni mmojawapo. Mabati ya Kasulu yameshapigiliwa, yanapiga kelele mvua ikinyesha, mama analalamika.

Zawadi rasmi ya kiwanda kwa mstaafu wetu ilikuwa saa ya ukutani, ambayo yeye aliona ni jambo la ajabu kumpa mtu siku anapoacha kuhitaji kujua saa ngapi. Ya ghalani ilikuwa nyingine. Stoo walikuwa wanatupa vitu chakavu, na lile kapeti lilikuwa humo, pembe moja panya wameonja. Solomoni aliliomba. Bwana Prosper alisema chukueni, hata alikuwa amesahau ni la nini. Tulilifua uwanjani kwa sabuni ya unga, tukalianika juu ya ukuta siku tatu. Evaresta alilipima kwenye mzani wa malori, akatangaza kwamba mzani haujaona kitu, lakini limepimwa na kiwanda na lina heshima yake.

Jumapili iliyopita tulilipandisha Nkoaranga. Gari lilituacha barabarani karibu na hospitali, na kutoka pale ni njia ya miguu, inapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Tulipokezana mabegani mpaka kwenye migomba yake. Mkewe alitupokea kwa loshoro, mahindi na maziwa mgando, tukanywa tukiwa wima kwa sababu ya kiu. Mzee alitoka ndani, akaliona. Alilizunguka. Aliishika ile pembe iliyoliwa na panya. Akaingia ndani, tukasikia meza inasukumwa, viti vinaburutwa. Tukalibeba mpaka kizingitini.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alitutazama miguuni.

"Ingieni hivyo hivyo," akasema.

Solomoni alikataa, akavua. Wote tukavua. Alikasirika kweli, akatuuliza sasa watu wa ghalani mmeanza lini kubishana na wakubwa. Tukalitandaza, tukakaa juu yake, kwa umri.

Mzee Akyoo, ghala linakushukuru. Kwa kuvuka ule mtaro tunakushukuru, kwa siku ya Alhamisi tutaendelea kukudai. Kaa vizuri na mama, migomba ikuzalie, goti lisikusumbue kwenye mteremko, na saa ya ukutani isikuamshe.

Ameagiza tuandike kwamba atakuwa hapa Jumatatu, tarehe mosi Agosti, saa nne, na mikungu miwili ya kupimwa. Mizani imefutwa vumbi. Msumari wa kwanza kutoka kushoto haujaguswa na mtu.